Neno la Mwenye Mzigo

Baba yangu alikuwa na mkoba mweusi ambao zipu yake ilikufa kabla mimi sijaanza shule. Ndani yake kulikuwa na ankara, hati za meli, nakala kivuli za pasipoti za watu nisiowajua, kalamu za rangi tatu, na kidau cha wino wa muhuri kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni kisije kikavuja. Alikuwa karani katika kampuni moja ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam, na kazi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa kutembea. Kontena la mteja likishashuka melini, Baba alichukua faili lake akalitembeza dirisha kwa dirisha, jengo kwa jengo, mpaka karatasi ya juu ikajaa mihuri na saini hata haisomeki. Hapo ndipo mzigo ulipotoka.

“Faili halina miguu,” alizoea kusema jioni akivua viatu. “Miguu yake ni mimi.”

Nilipokwenda chuo kikuu kusoma historia nilidhani nimeiacha forodha nyumbani. Mwaka wa pili nikakutana nayo tena, safari hii ikiwa Unguja, karne ya 19, na ikiwa na sura ya mtu aliyenikumbusha Baba kuliko nilivyopenda.

Kila aliyefika Mji Mkongwe amekula Forodhani. Urojo, mishkaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Bustani ile imelimeza jina lake, maana ukisema Forodhani leo watu wanawaza chakula. Lakini forodha ni neno tulilolichukua kwa Waarabu, lenye maana ya mahali pwani ambapo vyombo hushusha shehena na kutozwa. Ushuru nao ni wao, na asili yake ni fungu la kumi. Hapo Forodhani ndipo meno ya tembo, karafuu, gundi ya sandarusi na marobota ya merikani yalipopimwa na kuandikwa, na hapo hapo watu waliouzwa walihesabiwa kama bidhaa na kutozwa ushuru kwa kichwa.

Seyyid Said, aliyeuhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati, hakuwa na idara ya forodha. Alikuwa na mpangaji. Mfanyabiashara mmoja aliahidi kumlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, kwa mkataba ambao kwa kawaida ulikuwa wa miaka kadhaa, kisha yeye ndiye aliyekusanya ushuru wote. Kilichozidi kile alichoahidi kilikuwa chake. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo mpangaji alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wabhatia kutoka Kutch, India, ukiacha kipindi cha kuanzia 1876 ambapo Taria Topan aliwapokonya zabuni.

Ukiutazama haraka, mpango huu una akili. Sultani alipata fedha yake bila kuajiri makarani, bila kujenga maghala, bila kugombana na manahodha. Alichokikosa ni habari. Frasila ngapi za pembe zimepita? Marobota mangapi yameshushwa? Majibu yalikuwa kwenye vitabu vya Jairam, kwa Kigujarati, na vitabu hivyo havikuwa vya Sultani.

Mwaka 1833 Sultani alitia saini mkataba na Marekani, ukiweka ushuru wa asilimia 5 kwa shehena inayoshushwa. Wengine wakafuata, Waingereza mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Asilimia 5 inasikika kama jambo lililokwisha. Ila ni asilimia 5 ya nini? Ya bei iliyoandikwa Salem, Massachusetts, kitambaa kilipopakiwa? Ya bei ya dukani Unguja? Au ya bei atakayoikadiria mwenye forodha kwa kumtazama mwenye mzigo usoni? Richard Waters wa Salem alifika Unguja mwaka 1837 kama konseli wa kwanza wa Marekani, naye alikuwa mfanyabiashara. Hakukawia kuelewana na Jairam, wakafanya biashara pamoja, na Wamarekani wenzake wakawa wa kwanza kulalamika kwamba mlango umefungwa. Kiwango kwenye karatasi kilikuwa kimoja kwa wote. Mlangoni palikuwa na mtu.

Na mtu huyo ndiye aliyemkopesha mwenye nyumba. Sultani Majid alipofariki mwaka 1870 aliacha deni kubwa kwa nyumba ya Jairam, na mdogo wake Barghash akarithi kiti pamoja na mabishano ya deni. Mpangaji anamdai mwenye nyumba, hapo utamfukuzaje?

Likizo ile nilimsomea Baba habari hizi tukiwa barazani. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akakohoa. “Huyo,” akasema, “ni wakala mwenzangu.”

Sikucheka. Nilikuwa na miaka 21 na nilijua mambo yote. Nilimwambia kwamba mfumo ule ulikuwa wa kizamani, kwamba dola haiwezi kukodisha uaminifu wake kwa mtu binafsi. Leo ningenyamaza. Mwaka 1985, si 1885, Indonesia ya Suharto iliwapokonya maofisa wake wa forodha sehemu kubwa ya kazi ya ukaguzi na kuikabidhi kampuni ya Uswisi, SGS, iliyokagua bidhaa huko huko zilikotoka na kusema thamani yake. Nchi nyingi za Afrika zilifanya hivyo hivyo, na Tanzania nayo ilipita njia hiyo. Serikali haiwaamini watu wake wa mlangoni, inamlipa mgeni atazame kwa niaba yake. Jairam angeuelewa mkataba ule bila kufasiriwa.

Mageuzi ya kwanza ya forodha ya kisasa kwenye pwani hii ambayo sasa ni Tanzania yalidumu wiki chache tu, yakaishia kwenye vita. Nimekwenda Pangani mara mbili kwa sababu yake. Ukisimama ukingoni mwa mto, pantoni ikienda na kurudi kati ya mji na Bweni, utaona kwa nini kila mtu aliutaka mlango ule: misafara ya bara ilishukia hapo, sukari ya mashamba ya bondeni ilipakiwa hapo, na majahazi yaliingia na maji kujaa.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kwenye kiti tangu Barghash afariki, aliikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki forodha na utawala wa pwani ya bara, toka mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Kampuni ingefanya kazi kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kwa lugha ya leo tungeuita mradi wa maboresho: viwango vinavyojulikana, rejesta zinazosomeka, watumishi wanaolipwa mshahara, stakabadhi kwa kila malipo.

Agosti mwaka huo watumishi wa kampuni walifika kwenye miji ya pwani kukabidhiwa. Pangani alikwenda Emil von Zelewski, kijana mwenye haraka. Liwali wa mji, Abdulgawi bin Abdallah, alikataa kumtambua bila amri ya Sultani, akakataa pia bendera ya kampuni isimame. Zelewski akaita msaada. Manowari Carola ilishusha askari, na bendera ya Sultani ikateremshwa kwa nguvu. Inasimuliwa kwamba msikitini waliingia na mbwa, na siku zenyewe zilikuwa za Idi Kubwa. Kampuni ilikuwa imeshatangaza kodi mpya na kuwataka wenye mashamba wathibitishe kwa hati kwamba ardhi ni yao.

Shuleni tulifundishwa habari ya msikiti na bendera, na sina sababu ya kuipunguza. Watu hawasahau jambo kama lile. Lakini mimi, mtoto wa karani wa forodha, nasimama zaidi kwenye ile hati. Kabla ya Agosti 1888 biashara ya Pangani iliendeshwa kwa neno. Mwenye msafara alichukua bidhaa kwa mkopo kwa Mhindi kwa sababu babu zao walijuana. Jumbe alipata zawadi yake kwa kuwa ni jumbe. Njiani kuelekea bara palikuwa na hongo, ambayo wakati huo haikuwa na aibu yoyote: ilikuwa haki ya mwenye nchi kwa msafara unaopita kwake, na mtu angeweza kuitaja mbele ya watu. Neno hilo hilo leo tunalinong’ona. Mpango huo haukuwa wa haki kwa wote. Mtumwa aliyebeba pembe hakuwa na neno la kusikilizwa na yeyote, na wenye miwa walizama kwenye madeni. Hata hivyo ulikuwa mpango ambao kila mtu alijua amesimama wapi. Halafu asubuhi moja anakuja mtu na meza, na neno la kila mmoja halina thamani tena mpaka liwe na karatasi.

Mapema Septemba watu wa Pangani walimzingira Zelewski na kumfungia ndani ya nyumba. Aliokolewa na majeshi ya Sultani chini ya Lloyd Mathews, kwa hiyo yule aliyeteremsha bendera ya Sultani alitoka mjini chini ya ulinzi wake. Vita vikaenea pwani nzima, Abushiri bin Salim akiongoza upande wa Pangani na Bwana Heri akiwa Sadani. Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4, na pwani ikawa yake. Zelewski aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo mwaka 1891. Mtu wa meza hakujifunza kitu.

Ya ukoloni nitayapita haraka, kwa kuwa forodha ya wakoloni ilikuwa na utaratibu mzuri kwa walioiunda, na habari zake zimeandikwa na hao hao. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Kwa hiyo Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa karibu na Himo chini ya Kilimanjaro, alikua akijua Taveta kama soko la jirani. Walikwenda kwa miguu na ndizi, wakarudi na sabuni na kanga.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Ni miaka karibu 7, miaka ile ile ya sukari kwa foleni na sabuni ya kukata vipande. Bibi hakuacha kwenda Taveta. Alibadilisha saa tu. Alijua njia za panya zote, alijua mbwa wa nani anabweka na wa nani hulala, na kanga aliyokwenda nayo ikiwa moja alirudi nayo ikiwa nne, zote mwilini. Magendo, ndivyo serikali ilivyoita, na mwaka 1983 wakati wa msako wa wahujumu uchumi alifukia debe la mafuta ya kupikia mgombani na kulisahau mahali lilipo. Mpaka anafariki alikuwa akidai lipo.

Mama yangu anasema mpaka ulipofunguliwa, Bibi aliendelea na njia za panya kwa miaka mingi. Kwa nini? “Kule barabarani watakuuliza.” Hakusema watakuuliza nini.

Sasa nirudi kwa Baba na mkoba. Mwaka 1996 ilianza kazi Mamlaka ya Mapato, na forodha ikawa mojawapo ya idara zake. Zikaja kompyuta. Programu iliyosambaa zaidi duniani kwa kazi hii, ASYCUDA, ilibuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo miaka ya mwanzo ya 1980 kwa maombi ya nchi za Afrika Magharibi, na Tanzania ikaitumia kwa miaka mingi. Kenya ilikwenda kuchukua mfumo wake Senegal mwaka 2005, ikauita Simba. Sijui kwa nini jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka 2014 Tanzania iliingia kwenye mfumo mpya, TANCIS, uliotengenezwa kwa ushirikiano na Wakorea.

Kiini cha mageuzi haya ni kidogo ukilinganisha na kelele zake. Mwenye mzigo, kupitia wakala, anatoa tamko: hiki ni kitu gani, kimetoka wapi, nimekilipia kiasi gani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ikifuata makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani, inasema thamani ianzie kwenye bei iliyolipwa kweli, yaani neno lake. Ofisa akilitilia shaka, awe na sababu. Kisha mfumo unapima hatari: ni nani, bidhaa gani, historia yake ikoje. Tamko linaangukia kijani na mzigo unatoka, au njano na karatasi zinatazamwa, au nyekundu na kontena linafunguliwa. Mbele ya mashine hiyo hakuna uso wa kutazamwa, wala shikamoo. Na hakuna faili la kutembezwa.

Isipokuwa pale shaka ilipozidi. Chukua gari la mtumba kutoka Japani: neno la mnunuzi halina nafasi kubwa. Mamlaka ina kikokotoo chake mtandaoni, unaweka aina na mwaka wa gari, unaambiwa gari lako lina thamani gani hata kama uliokota kwenye mnada kwa nusu yake. Nawaelewa, ankara za magari zimedanganya sana. Lakini hapo tumerudi kwa mwenye forodha anayekadiria, tofauti ni kwamba sasa anakadiria kwa wote sawa.

Baba alihudhuria mafunzo ya siku kadhaa. Alirudi na cheti na daftari lililojaa, akakaa mbele ya kompyuta ya mpwa wake akichapa kwa kidole kimoja. Alijua vifungu vya bidhaa kichwani. Ungemwambia “kandambili” akakupa namba na kiwango cha ushuru kabla hujamaliza. Ila thamani yake kazini haikuwa hiyo. Thamani yake ilikuwa kujua nani anakaa dirisha lipi, nani ana msiba wiki hii, nani usimfuate kabla ya saa nne, na nani anahitaji chai. Hakuwahi kutaja nani wala wapi, nami sikuuliza, kwa kuwa nilijua ada yangu ya shule inatoka wapi. Wateja walimlipa ili mambo yaende, na mambo yangekwenda yenyewe wasingemhitaji.

Mwaka uliofuata kampuni yake ilibakiza vijana wawili na kuwashukuru wazee. Nilikuwa nimeanza kuandika makala kusifu foleni zilizopungua. Nilikuwa sahihi. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Kigali ambaye kontena lake limelala bandarini anailipia kila siku, na mwisho anayelipa ni mama anayenunua sabuni. Tangu 2014 forodha za Jumuiya hufanya kazi kama eneo moja. Ofisa wa Rwanda anaweza kukaa Dar es Salaam na kumaliza mambo ya mzigo wa Kigali kabla haujapanda lori. Ningeandika nini kingine? Baba alisoma makala yangu kwenye simu, akaniuliza kwa nini nimeweka koma mahali pale. Hakusema zaidi.

Alirudi Himo kulima. Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyerithi soko la Taveta, anapeleka vitunguu na mchele. Tangu mwaka 2016 Holili na Taveta vina kituo cha pamoja cha mpaka: unasimama mara moja tu, upande unaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 uliotoka ndani ya Jumuiya kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa, ukurasa mmoja, hutozwi ushuru wa forodha. Mama Mdogo alikuwa hajawahi kukitumia. Alikuwa akigawa mzigo wake kwa vijana wa bodaboda wakaupitisha vichakani, kama mama yake, na kila mmoja akachukua chake njiani. Nilipomwambia kwamba kwa cheti angelipa pungufu alinitazama kama mtoto.

Desemba iliyopita Baba ndiye aliyemshawishi. Tulikwenda watatu kwa pikapu ya jirani, magunia 12 nyuma. Baba alikuwa amevaa shati la kazini, lile la mikono mirefu. Kaunta ilikuwa na dada mmoja ofisa, mchangamfu, akatoa fomu na kuuliza ni bidhaa gani. Mama Mdogo alijibu. Imelimwa wapi? Akajibu, akataja hadi kitongoji. Dada akaandika.

“Thamani yake?”

Mama Mdogo akanyamaza. Akamgeukia Baba. Baba alikuwa tayari ameshika kalamu, nami nikaona mdomo wake ukitaka kusema namba, namba nzuri, ya chini kidogo, ile ambayo mtu mwenye uzoefu huanza nayo ili pawe na mahali pa kupandia. Dada alisubiri. Nyuma yetu kijana mwenye matenga ya nyanya alikohoa.

“Muulize mwenyewe,” Baba akasema. “Mzigo ni wake.”

Mama Mdogo alihesabu kwa vidole, polepole, gunia kwa gunia, akitaja bei aliyonunulia kila moja na kwa nani. Dada aliziandika zote.